Waumini wa Hadithi ya Kubuni

Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001 iliuliza watu dini zao, na swali lenyewe lilikuwa la hiari. Watu 390,127 walijibu kwamba wao ni Jedi, yaani wafuasi wa njia ya wale mashujaa wenye panga za mwanga katika filamu za Star Wars. Kwa hesabu hiyo Jedi waliwapita Masingasinga, Wayahudi na Wabudha wa huko. Australia walijitokeza zaidi ya 70,000, na New Zealand zaidi ya 53,000.

Kulikuwa na barua pepe iliyozunguka kabla ya sensa, ikidai kwamba wakifika watu 10,000 serikali italazimika kuitambua dini hiyo. Ulikuwa uzushi mtupu. Ofisi ya takwimu ya Uingereza iliwapa Jedi namba ya kuhesabia, kisha ikawaweka kwenye fungu la wasio na dini. Miaka 10 baadaye walikuwa wamepungua hadi 176,632, na sensa ya 2021 hawakufika hata 2,000. Mzaha ulikuwa umechuja.

Basi ni rahisi kulifunga jalada hapo: watu walitania, wakachoka, wakaenda zao. Lakini nyuma ya kundi kubwa la watani kulikuwa na kikundi kidogo ambacho hakikuwa kikitania hata kidogo, na hicho ndicho kinachotusumbua sisi tunaochunguza dini. Wapo watu wanaotafakari kila siku kwa mujibu wa mafundisho ya Jedi, wanaofundishana kuzuia hasira na woga, na wanaoamini kwamba ile Nguvu inayotajwa katika filamu ipo kweli ulimwenguni. Ukiwaambia kwamba George Lucas aliitunga hadithi hiyo kwa ajili ya sinema iliyotoka mwaka 1977, watakujibu kwamba wanalijua hilo vizuri kuliko wewe. Kwao filamu ni mfano tu, na kinachofumbwa ndani yake ndicho cha kweli.

Markus Altena Davidsen wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ameandika mengi juu ya dini za namna hii. Anatukumbusha kwamba si kila hadithi inayopendwa huzaa dini. Mamilioni wanapenda katuni za mpira wa miguu na hadithi za wapelelezi, na hakuna anayeziabudu. Hadithi inayozaa dini aghalabu huwa tayari ina dini ndani yake: ina nguvu zisizoonekana, ina walimu, ina viapo na maadili. Msomaji hapewi bunilizi tupu, hupewa ibada iliyokwisha kuchorwa, na yeye hubaki na kazi ya kuitoa kitabuni na kuileta sebuleni. Ndivyo ilivyotokea kwa baadhi ya wasomaji wa J.R.R. Tolkien, ambao hufanya ibada kwa ajili ya viumbe watukufu wa vitabu vyake. Tolkien mwenyewe alikuwa Mkatoliki mshika dini, na sidhani angefurahi.

Mfano ninaoupenda zaidi una umri mkubwa kuliko Star Wars. Mwaka 1961 mwandishi wa Marekani Robert Heinlein alichapisha riwaya ya Stranger in a Strange Land. Inamhusu mtu aliyelelewa na viumbe wa sayari ya Mirihi, kisha akaletwa duniani akiwa mgeni wa kila kitu. Mirihi maji ni adimu. Kwa hiyo kumnywesha mtu maji ni jambo zito. Mkishanywa kutoka chombo kimoja mmekuwa ndugu, na undugu huo hauvunjiki. Katika riwaya mtu huyo anaanzisha kanisa.

Mwaka 1962 wanafunzi wawili wa chuo kimoja huko Missouri, Tim Zell na Lance Christie, walikisoma kitabu hicho, wakashika chombo cha maji wakanywa pamoja. Hawakuwa wakiigiza. Walikusudia undugu ule ule, na wengine wakajiunga nao. Mwaka 1968 kundi lilisajiliwa rasmi kwa jina lililotoka riwayani, Church of All Worlds, likaanza kutoa jarida lake, na polepole mafundisho yakaondoka Mirihi yakaja ardhini: Zell alifundisha kwamba dunia nzima ni kiumbe hai kimoja, na kwamba kuiheshimu ni ibada. Maofisa wa kodi wa jimbo waliwahi kulikatalia hadhi ya kanisa kwa hoja kwamba halijishughulishi na Mungu, ahera, dhambi wala moto wa jehanamu. Hoja hiyo ingewatoa Wabudha wengi nje ya mlango pia.

Waumini wa kanisa hilo wamezika wenzao, wameoana na wamelea watoto ndani ya imani hiyo. Wamegombana na kutengana pia, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa historia ya dini ni dalili njema ya uhai.

Sasa twende upande wa pili wa barabara. Mwaka 2005 bodi ya elimu ya jimbo la Kansas ilikuwa ikijadili kuruhusu darasani hoja kwamba viumbe vilisanifiwa na mwenye akili, pembeni ya nadharia ya mageuko. Kijana mmoja, Bobby Henderson, akawaandikia barua ya wazi: kama ni hivyo, na dini yake ifundishwe, inayosema dunia iliumbwa na Zimwi la Tambi Lirukalo. Barua ikasambaa, kikafuata kitabu, na wafuasi wakatokea nchi nyingi, wakitambulishwa na chujio la tambi kichwani. Mwaka 2011 Mwaustria Niko Alm alipata leseni ya udereva yenye picha yake akiwa amevaa chujio. New Zealand waliruhusiwa kufungisha ndoa, na harusi ya kwanza ikafanyika mwaka 2016.

Mahakama hazikucheka sana. Mfungwa wa gereza la Nebraska, mfuasi wa Zimwi hilo, aliomba aruhusiwe kuvaa kiharamia na kula tambi kama ushirika mtakatifu. Mwaka huohuo wa 2016 Jaji John Gerrard alikataa: hii ni kejeli, alisema, ina hoja nzito ya kisiasa lakini haiwi dini kwa kuitwa dini. Uholanzi, mwanafunzi wa sheria alitaka picha ya kitambulisho akiwa na chujio; Baraza la Taifa la nchi hiyo likamkatalia mwaka 2018, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaitupa kesi yake mwaka 2021. Kipimo cha mahakama hiyo ni cha tangu 1982: imani ilindwe ikiwa na uzito, mshikamano, umuhimu na nguvu ya hoja.

Nakubaliana na hukumu zote mbili. Lakini ndani ya hukumu ya Nebraska kuna jambo linalonichekesha kila ninapoisoma. Ili kuonyesha balaa litakalotokea mlango ukiachwa wazi, jaji alisema kesho mfungwa mwingine anaweza kuchukua riwaya ya Heinlein na kudai ahudumiwe kama muumini wa Church of All Worlds. Alitoa mfano huo kama jambo la kipuuzi lisilofikirika. Wakati huo kanisa hilo lilikuwa limekuwapo kwa takriban nusu karne.

Hapo ndipo kosa la wengi linapoonekana. Tunadhani chanzo cha hadithi ndicho kinachoamua: mtunzi akijulikana, na akawa alitunga ili auze vitabu, basi kila kinachofuata ni mchezo. Ila watu wawili wanaweza kuanza na vitabu vya kubuni vyote viwili, mmoja akavaa chujio ili kuikera serikali, mwingine akabadili namna anavyoishi, anavyooa na anavyozika. Kuwaweka kapu moja ni uvivu. Wa kwanza anastahili heshima ya raia anayepinga jambo kwa kejeli, nayo ni heshima kubwa. Wa pili anastahili ile tunayompa muumini.

Nawasikia wasomaji wangu Waislamu na Wakristo. Watasema: sisi tunaamini maandiko yetu yameteremshwa au yamevuviwa, na hawa wanakiri wenyewe kwamba chao kimetungwa, vipi tuwekwe sawa? Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipunja. Muumini halazimiki hata kidogo kuona imani hizi zina ukweli ulio sawa na wake. Halazimiki hivyo hata kwa dini kongwe ya jirani yake. Mkristo hakubali kwamba Qur'ani ni neno la mwisho la Mungu, Mwislamu hakubali kwamba Yesu ni mwana wa Mungu, na wote wawili huzikana na kuchangiana harusi. Usawa ninaousema ni wa mbele ya sheria na katika adabu ya kila siku. Mizani ya nani ana ukweli haimo mikononi mwa hakimu wala mwa karani wa sensa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1944 katika kesi ya Ballard: majaji wanaweza kuuliza kama mtu anaamini kwa dhati, hawawezi kuuliza kama anachoamini ni kweli.

Udhati nao una mipaka yake. Tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales iliwakatalia Jedi wa Temple of the Jedi Order mwaka 2016, ingawa haikuwaita waongo. Ilisema mafundisho yao yanaweza kufuatwa na mtu asiye na dini yoyote, na kila mmoja anayatafsiri apendavyo, hivyo hakuna kitu kimoja kinachowashika pamoja. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi kwa siku ile. Wakijenga jamaa yenye ibada na wajibu wa pamoja, warudi waombe tena, na wasikilizwe upya.

Afrika Mashariki hatuna Jedi wa kuhesabu. Tanzania sensa iliacha kuuliza dini baada ya 1967. Lakini swali la dini ipi ni dini tunalijua kwa uchungu. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpeleka Elijah Masinde hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa aliyoiongoza. Machoni pa wakoloni ile haikuwa dini, ilikuwa wazimu na uchochezi. Matambiko ya mababu kwa ujumla yaliandikwa kuwa ushirikina. Anayeuliza leo kama imani mpya zipewe heshima sawa na za jadi akumbuke kwamba za jadi zetu zenyewe bado zinaidai heshima hiyo.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Urastafari ni dini kama nyingine, na kwamba mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake arudi darasani nazo. Urastafari haukutoka riwayani. Ila ulikuwa na jambo ambalo lingewapa wabishi neno: ulizaliwa Jamaika miaka ya 1930, ukimwona Haile Selassie kuwa wa kimungu, naye mwenyewe akiwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Mahakama haikupima kama Selassie ni Mungu. Iliangalia kwamba msichana yule na familia yake wanaiishi imani yao, na kwamba nywele ni sehemu yake.

Kuna jambo moja halisemwi vya kutosha. Kesi nyingi za aina hii zinaletwa na upendeleo ambao serikali huwapa wenye dini: msamaha wa kodi, ruhusa ya kufungisha ndoa, ruhusa ya kufunika kichwa pichani. Kila upendeleo ukifungwa kwenye neno dini, lazima atokee mwenye akili nyingi wa kulijaribu. Picha ya kitambulisho ingeruhusu kichwa kufunikwa kwa yeyote ilimradi uso uonekane wote, chujio lingekosa kazi mara moja.

Na ukongwe wa kitabu si dhamana ya usalama. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, Kilifi, kuanzia mwaka 2023, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa na Biblia. Baada ya maafa yale Rais William Ruto aliunda kikosi kazi cha kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya kidini, na mjadala wa nani asajiliwe bado ni moto Kenya. Ombi langu kwa wanaoziandika sheria hizo, na kwa wasajili wa jumuiya popote katika ukanda huu: msipoteze muda kuuliza kama kitabu cha waombaji kiliteremshwa, kilirithiwa au kilinunuliwa dukani. Ulizeni fedha zinakwenda wapi, mtoto akiugua anapelekwa hospitali au hapelekwi, na muumini akitaka kuondoka, anaondoka salama?