Kimelea cha Malaria Hula Nini, na Dawa Hukiua Vipi?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi huuliza wanapopewa dawa ya malaria: "Sista, homa ya mtoto imeshuka siku ya kwanza. Mbona niendelee kumpa hizi tembe nyingine?"

Ili tupate jibu, tujue kwanza jinsi kimelea cha malaria kinavyoishi. Kimelea ni kiumbe kidogo sana, hakionekani kwa macho, na huishi kwa kutegemea mwili wa mwingine. Mbu wa kike anayeitwa anofelesi akimuuma mtoto, huingiza vimelea mwilini. Vimelea hivyo hukaa kwanza kwenye ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu. Humo ndani hula, hukua na kuzaana. Chembe hupasuka, na vimelea vipya huingia katika chembe nyingine.

Je, kimelea hula nini? Chakula chake cha kwanza ni sukari iliyo katika damu. Chembe yenye kimelea hutumia sukari mara nyingi zaidi kuliko chembe nzima. Ndiyo sababu mtoto mwenye malaria kali anaweza kupungukiwa na sukari, akalegea, akapata degedege au kupoteza fahamu. Kwa hivyo mama, usimwachishe mtoto mgonjwa kunyonya. Mnyonyeshe mara kwa mara, na aliyeanza kula mpe uji na chakula kidogo kidogo.

Chakula cha pili ni himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi mwilini. Kimelea hula zaidi ya nusu ya himoglobini iliyo ndani ya chembe. Hii ni sababu moja ya mtoto kuishiwa na damu, mpaka viganja vyake vinakuwa vyeupe.

Lakini mlo huu una taabu yake. Himoglobini ikishasagwa hubaki mabaki yenye madini ya chuma, na mabaki hayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ni kama kupika kwa kuni: moshi usipopata pa kutokea, mpishi hawezi kukaa jikoni. Kimelea hujiokoa kwa kuyageuza mabaki hayo kuwa punje ngumu zisizokidhuru. Dawa za zamani kama klorokwini huzuia punje hizo zisitengenezwe, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Hapo ndipo ilipo siri ya dawa nzuri. Wataalamu hutafuta jambo ambalo kimelea hakiwezi kuishi bila hilo, lakini mwili wa binadamu hauna au haulitegemei kwa njia ile ile. Wakilipata, wanatafuta dawa ya kulizuia.

Mfano mwingine ni ile dawa ya SP, tembe tatu ambazo mama mjamzito humeza kliniki katika sehemu zenye malaria nyingi, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Sisi hupata vitamini ya foliki kutoka kwa chakula kama mboga za majani na maharagwe. Kimelea hujitengenezea yake, na SP hukata kazi hiyo. Kwa hivyo mama mjamzito, tumia tembe za madini ya chuma na foliki unazopewa kliniki, zenye miligramu 0.4 za foliki. Usijinunulie dukani zile za miligramu 5, maana foliki nyingi hupunguza nguvu za SP.

Shida ni kwamba kimelea nacho hubadilika. Klorokwini ilitusaidia kwa miaka mingi, kisha vimelea vikapata njia ya kuitoa dawa hiyo mahali pale vinaposagia chakula. Mwaka wa 1998 Kenya iliiacha klorokwini na kuanza kutibu malaria kwa SP. SP nayo ikashindwa kuponya wagonjwa wengi. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kutumia AL, na kuanzia 2006 dawa hiyo ikasambazwa katika vituo vya afya.

AL ni dawa mbili ndani ya tembe moja. Ya kwanza hutokana na artemisinini, iliyopatikana China katika mmea mwaka wa 1972. Dawa hii huamshwa na yale mabaki yenye chuma, ikakishambulia kimelea pande nyingi. Huua vimelea vingi upesi na homa hushuka, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Dawa ya pili ni ya polepole. Hukaa mwilini siku kadhaa na kumaliza vimelea vilivyobaki.

Sasa mama, umepata jibu lako. Homa imeshuka kwa sababu vimelea vingi vimekufa, si vyote. Ukikatiza dawa, vilivyobaki huzaana tena, na vile vilivyoizoea dawa ndivyo hupata nafasi ya kuenea.

Jambo hili si la mbali. Rwanda, Uganda na Tanzania tayari kumeonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Vimelea hivyo hula himoglobini kidogo vinapokuwa vichanga, hivyo mabaki ya kuiamsha dawa hupungua.

Wataalamu wanaendelea kutafuta njia nyingine. Dawa moja mpya, sipagamini, huziba pampu ambayo kimelea hutumia kutoa chumvi, na imefikia hatua ya kujaribiwa kwa wagonjwa. Lakini dawa mpya huchukua miaka mingi, kwa hivyo tuitunze hii tuliyo nayo.

Tufanye hivi:

Mtoto akiwa na homa, apimwe damu kwanza, katika zahanati au na mhudumu wa afya ya jamii. Si kila homa ni malaria.

Akipatikana na malaria, mpe AL kulingana na uzito wake, mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili ifuate baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata.

Mpe dawa pamoja na maziwa ya mama, au chakula chenye mafuta kidogo. Dawa ya pili huingia mwilini vizuri zaidi penye mafuta.

Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni uongezewe tembe.

Usimgawie mtoto mwingine dawa hiyo, wala usiweke akiba.

Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mkimbize hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Na kila usiku, watoto na mama mjamzito walale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Kimelea kisipoingia mwilini, hakitapata cha kula.