Msako wa Hazina kwa Simu Wafaa Historia Isiyoonekana

Howden ni mji mdogo wa soko mashariki mwa Yorkshire, Uingereza. Mgeni huona kanisa la kale ambalo sehemu yake ni magofu, maduka na barabara nyembamba. Ni vigumu kukisia kwamba nje kidogo ya mji palikuwa na kituo cha meli za angani, yaani maputo makubwa yenye injini na usukani. Mabanda yake yalibomolewa zamani.

Kwa historia ya namna hii, msako wa hazina kwa GPS hufaa kuliko ziara ya kawaida. Mwandalizi huficha kijisanduku kisichoingia maji, kisha hutangaza namba za latitudo na longitudo za mahali hapo. Mchezaji huziingiza kwenye simu, nayo humfikisha umbali wa mita chache. Zilizobaki ni kazi ya macho. Ndani mna kidaftari cha kutia sahihi. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Howden ina mengi ya kufuatilia. Kituo kilifunguliwa 1916 ili kulinda meli za baharini dhidi ya nyambizi za Ujerumani. Agosti 24, 1921, meli ya angani R38, iliyokuwa imeondoka hapo kwa majaribio, ilivunjika vipande viwili juu ya mto Humber, karibu na Hull. Kati ya watu 49 waliokuwamo, 44 walikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba nguvu za hewa zinazolemea chombo kinapopinda hazikuwa zimepigiwa hesabu.

Ndiyo maana R100, iliyoundwa Howden baadaye na Barnes Wallis, ilipigiwa hesabu kwa miaka. Aliyesimamia hesabu hizo, Nevil Shute Norway, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. R100 iliruka Desemba 1929, na mwaka uliofuata ikaenda Kanada na kurudi salama. Lakini R101, iliyoundwa kwingine, ilianguka Ufaransa Oktoba 1930 na kuua watu 48. R100 nayo ikauzwa kama vyuma chakavu.

Mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika R38 uko makaburini Hull, kwa hivyo msako unaoishia Howden utakuwa umeacha jambo kubwa. Makaburini hapafichwi kijisanduku. Mchezaji hupewa swali ambalo jibu lake linasomwa kwenye jiwe.

Nchini Kenya, utalii wa mashinani na makavazi ya kaunti ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Kikundi kinachotaka kuandaa msako kama huu kipate kwanza idhini ya mwenye ardhi. Kijisanduku hakifukiwi, wala hakiwekwi kwenye magofu yanayolindwa kisheria. Kiandikwe wazi kwa nje kwamba ni cha mchezo, na chifu pamoja na kituo cha polisi kilicho karibu wajulishwe mapema, ili kisidhaniwe kuwa kilipuzi.