Fahamu: Kwa nini shawa ya umeme husuasua wakati wa baridi

Kila Julai, katika miji ya nyanda za juu kama Njombe na Limuru, shawa ya umeme isiyo na tangi hulaumiwa kuwa ni mbovu, ilhali kinachoiangusha ni hesabu. Shawa ya kilowati 5.5 ikipitisha lita 5 kwa dakika huongeza joto la maji kwa nyuzi 16 hivi, basi. Pwani, maji yakiingia na nyuzi 25, hutoka na 41, ya kuoga kwa raha. Nyanda za juu yakiingia na 14, hutoka na 30, uvuguvugu usiomridhisha mtu alfajiri. Ukibana bomba hadi lita 3, yatafika nyuzi 40, ingawa utaogea mchirizi.

Wapo wasemao dawa ni kununua yenye nguvu zaidi. Sawa, lakini hiyo ya 5.5 tayari huvuta takriban ampea 23. Kuzidi hapo kunadai nyaya nene na saketi yake peke yake, gharama ambayo wauzaji ni wepesi kuisahau. Tangi la kupashia maji nalo hupoteza joto likikaa, ni kweli, ila la kilowati 3 hukusanya joto taratibu bila kuzielemea nyaya za nyumba. Kwenye baridi kali, tangi lina nafuu. Ukiitaka shawa hata hivyo, muulize muuzaji inaongeza nyuzi ngapi, kwa lita ngapi.