Wasomi wa Hesabu Waende Wapi?

Mzazi akimwuliza kijana wake anayesoma uchumi au uhasibu atafanya kazi gani akimaliza, mara nyingi jawabu ni moja: benki. Asiposema benki, atasema Mamlaka ya Mapato. Hatumlaumu. Benki ina jengo zuri, mshahara wake hauchelewi, na mtu akifunga tai asubuhi majirani humwamkia kwa heshima. Lakini benki hazina viti vya kuwatosha wote wanaotoka vyuoni, na huku ziko kazi zinazomlilia mtu ajuaye hesabu, kazi ambazo zikikosa mtu hasara yake humwangukia mkulima na mfanyakazi.

Kwanza tueleze njia yenyewe, maana wengi huichanganya. Uchumi na uhasibu ni ndugu, lakini si pacha. Mhasibu huandika na kueleza fedha zilizokwisha kupita. Mchumi huuliza kwa nini zilipita huko, na mwakani zipelekwe wapi. Kwa hiyo mchumi huonekana katika ofisi za mipango za halmashauri, katika takwimu, katika wizara na Benki Kuu. Mhasibu huhitajika popote palipo na sanduku la fedha. Vyuo vipo: Chuo cha Elimu ya Biashara tangu mwaka 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha tangu 1972, na Moshi, ambako elimu ya ushirika imefundishwa tangu 1963. Hata hivyo shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mkaguzi. Iko Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na asiyesajiliwa nayo hana ruhusa ya kutia sahihi ripoti ya ukaguzi. Mitihani ya Bodi hiyo ni migumu, na kijana asidanganywe. Wengi huirudia huku wakiwa kazini.

Sasa tuje kwenye zile kazi zisizotajwa na vijana. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakukaa na manung'uniko yao. Waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani, na katika jitihada hizo vyama vya ushirika vikakua, hata mwaka 1955 vikawa na Shirikisho lao la Victoria. Aliyeliongoza, Ndugu Paul Bomani, alikwisha kwenda Uingereza, Loughborough, kujifunza mambo ya ushirika; na mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Hiyo nayo ni njia ya kazi, ingawa haikuanzia kwenye kiti cha benki.

Siku hizi mtu wa kusimama kando ya mizani hupatikana. Wa kusimama kando ya leja ndiye adimu. Mtazame mkulima wa korosho. Mazao yake hupokewa na chama cha msingi, huwekwa ghalani kwa stakabadhi, huuzwa mnadani, kisha fedha humrudia zikiwa zimekwisha kukatwa: gharama ya ghala, ya usafiri, ushuru wa halmashauri, ya chama chenyewe. Kila kato lina mstari wake katika daftari. Tarakimu moja ikikosewa katika uzito au katika namba ya akaunti, mtoto hakai darasani. Liko Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, lililoundwa mwaka 1982, lakini mkaguzi huja baada ya mambo kutendeka. Kazi ya kila siku ni ya katibu wa chama, naye mara nyingi alichaguliwa kwa kuwa mwaminifu. Uaminifu ni sifa njema, ila haujumlishi leja. Na sisi tuliosoma misheni twakumbuka ni nani aliyekabidhiwa mfuko wa fedha miongoni mwa wale kumi na wawili.

Kwa wafanyakazi hali ni hiyo hiyo. Mwajiri huingia katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora akiwa na mhasibu kuume na mwanasheria kushoto. Hufungua mizania na kusema: mwaka huu tumepata hasara, nyongeza haiwezekani. Viongozi wa tawi hutazamana. Pengine hasara hiyo ni ya kweli kabisa. Pengine, lakini, sehemu kubwa yake ni uchakavu wa mitambo. Mashine huchakaa kweli, na hesabu ya uchakavu ni halali. Ila mwaka huo hakuna shilingi iliyotoka nje kwa ajili yake. Au ni riba na ada ya usimamizi, ambazo kampuni hulipa kwa kampuni mama iliyo ng'ambo. Ajuaye kusoma ataona mahali pa kuuliza. Asiyejua atagonga meza, na meza haijapata kumwongezea mtu mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa habari zinazohitajika katika mazungumzo. Sheria hiyo hiyo yakitaka chama cha wafanyakazi nacho kitunze vitabu na kukaguliwa kila mwaka. Ni wanachama wangapi waliowahi kuiomba ripoti hiyo?

Tusiwatupie vijana lawama yote. Chama kikitaka mwenye shahada kwa posho ya mlinzi wa ghala, kitampata aliyekataliwa kwingine, naye ataondoka mara barua ya mjini ikifika. Viongozi husema fedha hazipo. Twajibu kwamba vyama vitatu vilivyo jirani vyaweza kumwajiri mhasibu mmoja, kila kimoja kikatoa theluthi ya mshahara wake, naye akagawa siku za juma baina yao. Msimu wa mauzo siku hizo hazitamtosha, na itabidi apewe karani.