DALALI WA STATASI ALIVYONIACHA NA GODORO BARABARANI!

WE acha tu! Kama hujawahi kusimama Nyegezi saa kumi jioni, godoro limefungwa juu ya bajaji, ndoo mkononi, na simu ya mtu aliyekula hela yako inakuambia haipatikani, basi hujaijua Mwanza. Mimi naijua.

Mambo yalianza hivi. Mwenye nyumba wangu wa Mabatini, mzee mmoja mstaarabu kweli, aliniita uani akaniambia mwanawe anaoa na chumba changu ndicho atakachomweka bibi harusi. Akanipa miezi miwili. Sikumlaumu, maana mtoto wa mtu akioa lazima alale mahali. Shida ni kwamba mimi, kama vijana wote wa mjini hapa, sikwenda kutafuta chumba kwa miguu. Nilitafuta kitandani, simu kifuani, mpaka saa saba za usiku.

Si unajua tena siku hizi? Zamani dalali ulimkuta kijiweni chini ya mti, karibu na genge, ana daftari lililochakaa na kalamu sikioni. Leo yuko Instagram, yuko Facebook, yuko TikTok, na makao yake makuu ni statasi ya WhatsApp. Kila asubuhi ukifungua simu unakuta vyumba ishirini, fremu tano na "kiwanja cha fasta" kimoja, vyote vina muziki chini yake.

Basi bwana, nikaikuta video moja, jamani! Sebule pana kama ukumbi, tailizi zinawaka, dari la jipsamu lina taa za bluu, jiko lina makabati. Bei laki na ishirini kwa mwezi, miezi mitatu tu, Nyegezi. Nikazimika. Nikamtumia ujumbe, jamaa akajibu dakika hiyo hiyo: "Dada, hiki kina watu wanne wanakitaka, ukichelewa usinilaumu. Tuma advansi nikushikie." Nikajidai mjanja, nikaomba video nyingine. Akatuma, tena ya chooni. Nikalainika, nikatuma laki moja na nusu.

Siku ya kuhamia akanitumia lokesheni. Dereva wa bajaji akafuata, tukapanda, tukashuka, tukafika kwenye ukuta uliopakwa maandishi mekundu makubwa: NYUMBA HII HAIUZWI WALA HAIPANGISHWI. Akatoka mama mmoja na khanga yake, akaniangalia mimi, akaliangalia godoro, akatingisha kichwa.

"Mayu, pole. Wewe ni wa nne."

Kumbe ile video ilipigwa na fundi wa tailizi alipomaliza kazi, akaiposti kujitangaza. Jamaa akaikwapua, akaibandikia bei. Nyumba ya watu, familia iko ndani inakula sato, mimi nje na mzigo! Yule mama alinipa maji ya kunywa na kiti. Usiku ule nililala Igoma kwa shosti wangu, kesho yake nikaenda kuandikisha taarifa, nikapewa RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Laki na nusu yangu bado haijarudi.

DADA WA BUHONGWA

Hasira ilipopungua nikashikwa na udadisi. Kama matapeli wanatumia simu hizi hizi, hao madalali wa kweli wanaishije? Nikaelekezwa kwa dada mmoja wa Buhongwa, nikamfuata siku mbili nzima, kiatu kikaisha soli.

Dada huyu ana simu mbili na daftari (ndiyo, daftari bado lipo). Mteja akipiga, kabla ya habari ya chumba anamwambia, "Seivu namba yangu kwanza." Nikadhani ni maringo. Kumbe statasi ya WhatsApp kwa kawaida inaonekana kwa mtu uliyemhifadhi naye akakuhifadhi. Na zile jumbe za mkupuo unazotuma kwa watu hadi 256 kwa mara moja hazimfikii ambaye hana namba yako. Kwa hiyo mtaji wake si picha, ni orodha ya watu waliomwandika kwenye simu zao. Statasi inakufa baada ya saa 24, kwa hiyo anaposti alfajiri watu wakiwa bado kitandani, anaposti mchana wa chakula, anaposti tena saa mbili usiku.

Lakini kilichoniacha hoi ni anavyopiga video. Haanzii sebuleni. Anaanzia kituo cha daladala! Anatembea simu mkononi bila kukata, unamsikia anahema, unaona mawe, unaona mtaro, unaona mlima wenyewe, mpaka getini. Akiingia ndani anafungua bomba maji yatoke au yasitoke, anaonyesha mita ya luku kama ni ya peke yako au ya kuchangia, anaingia chooni. Halafu anataja bei kwa mdomo wake na hela ya dalali, ambayo huku kwetu mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Chumba kikipata mtu anaandika IMEENDA, kisha anafuta.

"Zamani nilikuwa napiga za kupendeza tu kama wenzangu," aliniambia tukiwa kwenye daladala. "Ile kamera ya kupanua, chumba cha futi kumi kinaonekana uwanja wa Kirumba. Simu zilikuwa haziishi. Nampeleka mtu, akifika mlimani anaangalia juu, anageuka. Nauli yangu, jua langu, hakuna kitu. Sasa hivi wanaonipigia wachache, ila anayekuja anakuja na hela."

Mwanza si mji wa kudanganyana kwa picha, bwana. Mtu anakuandikia "dakika tano toka lami" halafu hizo dakika tano ni za kupanda majabali kama mbuzi, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa.

Kuna kitu kingine kinachoudhi. Chumba kimoja utakikuta kwa madalali kumi na tano, na bei tatu tofauti. Dada huyu alinieleza kwamba mmoja ndiye anayemjua mwenye nyumba, wengine wamechukua video kwenye statasi yake, na dili likitiki wanagawana ile kodi ya mwezi mmoja. Mnyororo ukiwa mrefu, bei inapanda ili kila mtu apate chai. Marekani mawakala wana daftari la pamoja wanaloliita MLS, nyumba inaingizwa mara moja wote wanaiona. Ila msidhani huko ni peponi. Mwaka 2024 chama chao kikubwa cha mawakala kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi ya wauza nyumba waliodai sheria zake zilipandisha kamisheni.

Na simu nayo siyo mungu. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, dada wa Buhongwa alirudi kijiweni kama babu yake. Siku zile, anasema, waliopangisha ni wale wazee wa daftari ambao vijana walikuwa wanawacheka.

"VYUU YA ZIWA"

Sasa vyumba ni dagaa. Sangara wenyewe ni viwanja. Ukiona video ina maji ya buluu, mtumbwi unapita, ndege wanalia, na sauti nzito inasema "vyuu ya ziwa, bei ya kutupa", shika mfuko wako. Wengi wanaolengwa wako Dar, Dubai au Ulaya, hawawezi kuja kukanyaga.

Nilipelekwa kuona kimoja upande wa Luchelele. Kwenye simu kilikuwa kitamu kweli. Nilipofika nikapima kwa hatua toka majini mpaka mambo zilipochomekwa: hatua arobaini na kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake unauziwa mahali usiporuhusiwa kujenga hata kibanda cha chipsi! Na ziwa lenyewe halina adabu. Mwaka 2020, na tena 2024, lilijaa mpaka likaingia kwenye majumba ya watu pwani nzima ya Victoria. Muuzaji nilimuuliza, "Kaka, maji yalifika wapi 2024?" Akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki.

Hapo video haikusaidii. Unakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, unauliza majirani wa pande zote, kisha ofisi ya ardhi: ya jiji kama ni upande wa Nyamagana, ya manispaa kama ni Ilemela. Kama kuna hati unaomba upekuzi kwa msajili wa hati, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama imewekwa rehani. Huyo wa pikipiki alikuwa na karatasi ya mauziano ya mkono, basi.

Mimi sasa nakaa Buhongwa. Chumba na sebule, maji yanatoka siku nyingi, mlima upo lakini nilishauona kwenye video. Juzi Jumamosi nafua, mlango ukagongwa. Kijana wa chuo, begi mgongoni, simu mkononi, na kwenye ile simu naona mlango wangu mwenyewe, bomba langu, mita yangu! Dada alishafuta siku nyingi, ila kuna mtu aliikwapua.

"Shikamoo dada. Nimekuja kuangalia chumba."

"Marahaba. Umeshatuma ngapi?"

"Elfu kumi tu, ya lokesheni. Advansi kasema nikishaona kwa nje."

Nikamvutia kiti, nikampa maji, nikampigia dada.