Amplifaya yako ya valvu inanguruma? Usikate ethi!

Umeiunda mwenyewe. Valvu umezisaka wiki nzima, chasi umekunjiwa na fundi wa jua kali. Unachomeka gita, unawasha, unangoja valvu zipate joto. Kabla hujagusa uzi hata mmoja: mmmmmm!

Mngurumo huo una kwao. Pale bwawa la Kiambere, kwenye Mto Tana, mitambo imekuwa ikizalisha stima tangu 1988. Stima ya gridi yetu hugeuka upande na kurudi mara 50 kwa sekunde, na hicho ndicho unachosikia kwenye spika. Kazi yako ni kuizuia isiingie njia ya gita.

Sikiliza kwanza. Sauti nzito ya chini, hezi 50, mara nyingi hutoka kwa hita au waya za ardhi. Ikiwa kali zaidi, hezi 100, shuku kapasita za kuchuja.

Tuanze na hita. ECC83 moja hula ampea 0.3 kwa volti 6.3, EL84 hula 0.76. Mkondo huo unatosha kuchafua waya wa gita ulio karibu. Kwa hivyo, sokota waya mbili za hita kama msuko uliokazwa, zilaze kwenye pembe ya chasi, mbali na waya wa gita. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Usitumie chasi kama waya wa pili. Kwenye ECC83, unganisha pini 4 na 5 upande mmoja, pini 9 upande wa pili. Kisha peleka waya wa katikati wa hita kwenye ardhi. Transfoma yako haina? Weka rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande hadi ardhini.

Sasa ardhi yenyewe. Usilehemu popote unapoona nafasi. Hasi ya kapasita ya kwanza ikae pamoja na ile ya transfoma ya volti kubwa. Ardhi za hatua ya kwanza zikusanye karibu na tundu la gita. Mkondo mkubwa usipite njia moja na sauti ndogo.

Halafu kuna hili, na hapa hatuchezi. Kuna msee atakuambia: "Kata ethi ya plagi, mngurumo utaisha." Kweli, unaweza kuisha. Lakini siku waya wa volti 240 utakapogusa chasi, stima itapita kwenye nyuzi za gita, mkononi mwako, hadi kwenye maikrofoni iliyo mdomoni. Ethi ingechoma fyuzi. Bila ethi, unachomeka wewe. Waya wa kijani na manjano uwe na bolti yake pekee kwenye chasi, iliyokazwa vizuri. Kama soketi za nyumbani hazina ethi, mwite fundi mwenye leseni kwanza.

Na hata ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kubaki na volti 300. Weka rezista ya kuzimaliza, ngoja, kisha pima kwa mita. Mkono mmoja kazini, wa pili mfukoni.

Washa tena. Ukilazimika kukaribia spika ndipo usikie kitu, umefaulu. Sasa piga benga, majirani wajue.