Mahandaki ya Bara Yanayoonekana Kutoka Juu

Picha za angani za Mombasa zilizopigwa baada ya vita ni za mraba, sentimita 23 kila upande, nyeusi na nyeupe, na ukingoni zina namba ya safari na tarehe. Nyingi zilipigwa kutoka ndege za Lancaster, aina ileile iliyokuwa ikiangusha mabomu Ujerumani miaka michache kabla. Kati ya 1946 na 1952, Kikosi nambari 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilizunguka makoloni ya Afrika, Kenya ikiwemo, kikipiga picha za kuchorea ramani. Walitaka mito, barabara na vilima. Lakini ardhi ya bara inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ilikuwa bado na makovu mabichi ya Vita vya Pili vya Dunia, na makovu hayo yaliingia kwenye filamu bila kualikwa.

Mwenyeji wa Mombasa akiulizwa vita viko wapi, huelekeza Fort Jesus. Mizinga miwili iliyopo pale nje ni ya vita vya kwanza: mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Unguja mnamo Septemba 1914. Vita vya pili, ambavyo wazee huviita vita vya Hitla, vilikuja kwa hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mtaliano aliyekuwa Somalia. Mwaka 1940 ndege zake zilifika hadi Malindi, na wanajeshi wa Afrika Kusini wakaleta mizinga ya kutungulia ndege Mombasa na kusimika rada yao Mambrui. Ya pili ilikuwa ya Mjapani. Siku ya Pasaka, 5 Aprili 1942, ndege zake ziliishambulia Colombo, kisiwani Ceylon, na siku nne baadaye zikaishukia Trincomalee. Admirali Mwingereza James Somerville akaona Ceylon si mahali pa kulaza meli zake, akazirudisha hadi bandari ya Kilindini, Mombasa. Wavunja siri za Kijapani wakahamia Shule ya Allidina Visram, na uwanja wa ndege wa Port Reitz, ambao leo ni Moi International, ukajaa ndege za kijeshi. Mwisho wa Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ikaipiga manowari ya Kiingereza Ramillies huko Diego Suarez, Madagaska. Hofu ile haikuwa ndoto.

Kwa hiyo anayezisoma picha anajua la kutafuta. Mchimbaji wa 1940 alitazama kaskazini na juu. Wa 1942 alitazama baharini.

Kulipata ndiyo kazi. Kwa kipimo cha 1:30,000, milimita moja ya picha ni mita 30 za ardhi. Handaki la upana wa mita moja haliwezi kuonekana kama handaki. Kinachoonekana ni kifusi kilichotupwa kandokando, hasa kwenye mwamba wa matumbawe, ambako kifusi kipya hung'aa cheupe. Huonekana pia vijia vya miguu na magari vinavyokwenda mahali pasipo na nyumba wala shamba. Mara nyingi njia ndiyo inayomsaliti aliyejificha: wavu unafunika mzinga, ila haufuniki nyayo za waliokuwa wakiuletea risasi na chakula.

Maumbo nayo husema. Handaki la askari wa miguu hupinda kama meno ya msumeno, ili bomu likiangukia kona moja lisiwaue wote. Mizinga ya kutungulia ndege kwa kawaida hukaa minne, mashimo yake yakizunguka kituo cha amri katika nusu duara. Kwenye viwanja vya ndege hutafutwa matuta ya udongo yaliyofunga pande tatu, ndege moja ndani ya kila moja.

Macho peke yake hudanganya. Picha hupigwa zikipandana kwa takriban asilimia 60, ili mbili zikiwekwa chini ya stirioskopu ardhi iinuke. Halafu kuna suala la kivuli, ambalo vitabu vya Ulaya hulieleza kwa jua la Ulaya. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana hupita kaskazini yetu, Desemba hupita kusini, na kivuli hugeuka nalo. Asiyeangalia tarehe, akaishika picha kivuli kikielekea mbali naye, ataona shimo limekuwa kilima.

Na bara yetu imejaa mashimo yasiyo ya vita. Tanuu la chokaa huacha duara jeupe linaloweza kukusisimua bure. Timbo la mawe ya kujengea lina kingo zilizonyooka mno kuwa ngome. Mistari ya Nyali, iliyokuwa shamba la mkonge, imepangwa kwa nidhamu ya kijeshi kabisa. Nionavyo mimi, mtu asitangaze handaki kwa picha moja. Atafute picha ya miaka iliyofuata, kisha aende akawaulize wazee wa Mtongwe huko Likoni au Mtopanga huko Kisauni, maana mtoto aliyechezea shimoni hasahau shimo lilikuwa wapi.

Udongo pia una upendeleo. Likoni na Kisauni, mwamba wa matumbawe huhifadhi ukuta wa handaki kwa miaka mingi, hata likijaa taka. Changamwe ni udongo wa shale. Mvua chache za masika hulainisha kingo na tuta likashuka. Ndiyo maana kwa Changamwe picha za zamani zina thamani zaidi: mengi yaliyomo hayapo tena juu ya ardhi.

Likoni na Kisauni adui si mvua. Bamburi, kiwanda cha saruji kimekuwa kikila matumbawe tangu 1954. Barabara ya Dongo Kundu imepasua upande wa kusini, na kila mwaka ploti mpya huchimbwa msingi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huzilinda moja kwa moja kazi za udongo za kale. Handaki la 1942 halimo, isipokuwa waziri alitangaze rasmi kuwa turathi ya kihistoria, na hawezi kutangaza mahali pasipojulikana pako wapi. Hapo ndipo picha hizi zingefaa, kwa kuwa kila shimo lililothibitishwa linaweza kuwekwa juu ya ramani ya leo na kupewa namba ya ploti.